Mezani North End: simulizi ya safari ya Boston mwishoni mwa Agosti

Alhamisi

Treni ya chini ya ardhi ilitushusha katika kituo cha Haymarket saa kumi na moja jioni, na kutoka hapo hadi North End, mtaa wa Waitaliano mjini Boston, Marekani, hakuna zaidi ya kuvuka bustani ndefu na nyembamba iitwayo Rose Kennedy Greenway. Kabla ya bustani hiyo kufunguliwa mwaka 2008, hapo hapo palipita barabara kuu iliyonyanyuliwa juu ya nguzo za chuma tangu miaka ya 1950, ikautenga mtaa huu na sehemu nyingine za mji kwa muda wa miaka arobaini na zaidi. Wenyeji walioishi upande wa pili wa nguzo hizo walilalamikia kelele na moshi, lakini utengano huo huo ndio uliowasaidia kubaki na maduka yao, makanisa yao na majiko yao. Barabara ilipozikwa chini ya ardhi, mtaa uliunganishwa tena na mji, na kodi za nyumba zikapanda mpaka watoto wa waliokuwa wakilalamika wakashindwa kuzilipa.

Mwenyeji wangu ni mpwa wangu, mtoto wa dada, anayesoma chuo hapa Boston. Mimi nimefanya kazi kwa miaka mingi katika majiko ya hoteli za Waitaliano huko Malindi, ambako walianza kuja kwa wingi baada ya kujenga kituo chao cha kurushia setilaiti Ngomeni katika miaka ya 1960. Waitaliano niliowapikia walifika pwani yetu na fedha mkononi, wengine kupumzika na wengine kujenga. Waliofika North End walikuja kutafuta kibarua: kwanza watu wa Genova kuanzia miaka ya 1860, kisha, kwa makundi makubwa zaidi, watu wa Campania, Abruzzo na Sicilia, wakiingia katika vyumba walivyoviacha Waayalandi na baadaye Wayahudi. Nilitaka kuona mtu wa namna hiyo alipika nini alipopata mshahara wake wa kwanza.

Tulitembea Hanover Street kutoka mwanzo wake hadi karibu na bahari kabla ya kuchagua pa kula. Ni barabara fupi, lakini mikahawa imebanana mlango kwa mlango, na mbele ya baadhi yake husimama mtu wa kuita wateja kwa adabu. Mpwa wangu alinitahadharisha kwamba hatuwezi kuingia popote tu, kwa sababu hatuli nguruwe wala nyama isiyochinjwa kisheria, na divai hatuigusi. "Mjomba, hapa nguruwe hujificha hata ndani ya mchuzi," alisema, na alikuwa anasema kweli, kwani mchuzi mzito wa nyanya wa Jumapili katika nyumba za Waitaliano wa Marekani huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na soseji na mbavu. Tuliingia katika mkahawa mdogo wenye meza chache, tukamuuliza mhudumu, naye akatuelekeza kwenye biringani.

Biringani hiyo ndiyo iliyonifungulia mtaa huu. Kule Napoli na Sicilia, parmigiana ni chakula cha mabiringani: yanakatwa vipande, yanakaangwa, yanapangwa tabaka kwa tabaka na mchuzi wa nyanya na jibini, kisha yanaingia katika tanuri. Katika meza ya jirani yetu, mchuzi ule ule na jibini ile ile vilikuwa vimemwagwa juu ya kipande cha kuku kilichopondwa kikawa bapa, kikavingirishwa katika unga wa mkate na kukaangwa, na pembeni mwake, katika sahani moja, lilikuwepo rundo la tambi. Bwana yeyote wa Malindi niliyempikia angeirudisha jikoni sahani hiyo, kwa kuwa kwao tambi ni mlo wa kwanza unaojitegemea na haziwekwi kando ya nyama kama viazi. Lakini bwana huyo hakutoka katika kijiji ambacho nyama ilionekana siku ya sikukuu tu. Aliyetoka huko, alipoona kwamba ujira wake wa Boston unatosha kununua nyama kila wiki, aliitia mahali pa biringani, akayakuza madonge ya nyama ya kusaga mpaka yakafikia ukubwa wa ngumi, akaongeza jibini na vitunguu saumu, na Wamarekani waliozoea kula nyama na wanga katika sahani moja wakamaliza kazi iliyobaki. Chakula hiki huchekwa sana na Waitaliano wa Italia kwamba si cha kwao. Mimi nadhani ni cha kwao kabisa, ila kimepikwa na mtu aliyeshiba kwa mara ya kwanza.

Kuhusu malipo, mgeni ajue kwamba bei iliyoandikwa siyo atakayoilipa. Kodi ya mlo mjini Boston ni asilimia 7, na juu yake mteja hutarajiwa kumwachia mhudumu bahashishi ya asilimia 18 hadi 20, kwa kuwa sheria ya jimbo la Massachusetts inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu chini ya kima cha kawaida cha mshahara na kuacha pengo hilo lizibwe na wateja. Kwetu bahashishi ni hisani. Huku ni sehemu ya ujira wa mtu, na kutoitoa ni kumdhulumu.

Ijumaa

Asubuhi tulipita soko la wazi la Haymarket, linalofanyika Ijumaa na Jumamosi ukingoni mwa mtaa, tukanunua pichi na zabibu kwa bei ambayo haikuwa na uhusiano wowote na ile ya madukani.

Chakula cha mchana kilikuwa Galleria Umberto, katika Hanover Street, na hapa sina budi kukaa kidogo. Ni ukumbi mkubwa usio na pambo la maana, wenye meza za kawaida na foleni inayoanza kabla ya mlango kufunguliwa. Hufunguliwa mchana tu, na chakula kikiisha mlango unafungwa, hata kama watu bado wamesimama nje. Wanauza vitu vichache: piza nene ya Kisicilia iliyokatwa vipande vya mraba, arancini ambazo ni madonge ya wali yaliyojazwa nyama na njegere kisha yakakaangwa, panzarotti za viazi vilivyopondwa vyenye jibini ndani, na kalzone, yaani piza iliyokunjwa ikafungwa. Hawapokei kadi, na kipande cha piza kinagharimu kiasi ambacho mahali pengine mjini hakinunui hata kikombe cha kahawa. Mwaka 2018 taasisi ya James Beard, ambayo tuzo zake ndizo zinazoheshimiwa kuliko zote katika mambo ya mapishi Marekani, iliipa nyumba hii tuzo ya migahawa ya asili ya Marekani, na hakuna kilichobadilika katika sahani za karatasi wala katika foleni.

Tuliziacha arancini kwa sababu ya nyama, tukachukua piza na panzarotti. Kitako cha piza kilikuwa kimeiva mpaka kikavunjika kwa sauti, wakati ndani unga ulibaki laini kama mkate. Mpishi anayejua kazi ataelewa kwamba jambo hilo halipatikani ila kwa trei iliyopakwa mafuta vizuri na tanuri lenye moto wa kutosha chini. Waliokuwa nasi katika foleni walikuwa mafundi wa ujenzi, makarani, mabibi wazee wenye mikoba ya kununulia vitu na watalii wachache. Sikuona mahali pengine katika mtaa huu ambapo watu wa aina hizo zote hula pamoja, na sababu yake ni bei.

Alasiri mpwa wangu alinieleza ugomvi wa meza za nje. Wakati wa janga la korona, mji uliruhusu mikahawa kutoa meza barabarani, na Hanover Street ikageuka ukumbi mmoja mrefu wa kulia chakula. Mwaka 2022 serikali ya mji iliitaka mikahawa ya North End, na ya mtaa huu peke yake, ilipe ada ya dola 7,500 kwa ruhusa hiyo, ikieleza kwamba njia ni nyembamba, wakazi ni wengi, na kelele na takataka zimewachosha. Mwaka uliofuata meza za barabarani zilikatazwa hapa, ilhali mitaa mingine iliendelea nazo. Wenye mikahawa walikwenda mahakamani. Nilipoitazama Salem Street, ambayo gari moja likisimama lingine halipiti, niliwaelewa wakazi. Na nilipoona mikahawa isiyo na nafasi ya kuweka hata meza kumi ndani, niliwaelewa pia wenye mikahawa.

Usiku tulikaa Caffè Vittoria, iliyofunguliwa mwaka 1929 na inayojieleza kuwa mkahawa wa kwanza wa kahawa ya Kiitaliano mjini Boston. Ukutani na pembeni zimepangwa mashine za zamani za espreso, za shaba na nikeli, nyingine ndefu kuliko mtoto wa miaka kumi. Wazee wawili katika meza ya nyuma walikuwa wakizungumza lahaja ya kusini, nami nikawasalimu kwa Kiitaliano changu cha hotelini. Walinijibu kwa furaha, wakaniuliza Kiitaliano hicho nimekitoa wapi, na nilipowaambia Kenya mmoja wao aliniomba nirudie. Baada ya hapo ilidhihirika kwamba Kiitaliano cha vitabu kinawatatiza wao kama lahaja yao inavyonitatiza mimi, tukahamia Kiingereza. Wahudumu wengi niliowasikia katika mtaa huu huzungumza Kihispania wao kwa wao, na majikoni ni hivyo hivyo.

Jumamosi

Chakula kilicho bora kuliko vyote nilivyokula katika safari hii nilikila leo, The Daily Catch, duka la chakula la Kisicilia lililofunguliwa mwaka 1973 katika Hanover Street. Chumba chake kinatosha watu takribani ishirini, na jiko limo humo humo chumbani, kwa hiyo mvuke wa kitunguu saumu unampokea mgeni kabla ya mhudumu. Tuliagiza tambi nyeusi, ambazo unga wake hukandwa pamoja na wino wa ngisi, kisha huchanganywa na mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na ngisi aliyesagwa. Huletwa mezani katika kikaango chenyewe, na mteja hupewa onyo asiguse mpini.

Mpishi alikuwa amefanya jambo ambalo vijana wangu wa Malindi nilishindwa kuwafundisha: alimwacha ngisi motoni kwa muda mfupi sana, na tambi akazitoa majini zikiwa bado na ukinzani katikati, zikamalizikia kuiva ndani ya kikaango zikinywa mafuta na wino. Hakukuwa na jibini juu, na mtu wa meza ya pili alipoiomba, mhudumu alimtazama kwa huruma kabla ya kumletea.

Ladha hiyo ya bahari ilinikumbusha kwamba Sicilia ilikuwa chini ya watawala Waislamu tangu karne ya 9 hadi ya 11, na kwamba malimau, machungwa na miwa vilienea kisiwani kwa mikono yao. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyemfanyia kazi Mfalme Ruggero wa Pili wa Sicilia, aliandika mwaka 1154 kwamba karibu na Palermo, mahali paitwapo Trabia, hutengenezwa tambi nyingi zinazosafirishwa kwa meli hadi nchi za Waislamu na za Wakristo. Huyo huyo ndiye aliyetaja mji wa pwani ya Zanj, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambao wengi wameufahamu kuwa ni Malindi. Nilimweleza mpwa wangu haya yote huku tambi zinapoa, naye akaniambia kwa heshima zake zote, "Mjomba, kula kwanza."

Tulikusudia kwenda jioni Pizzeria Regina, ambayo imekuwa katika Thacher Street tangu mwaka 1926, lakini njia zinazoizunguka zilikuwa zimejaa watu wa sherehe ya Mtakatifu Antonio na foleni ya piza ilikuwa imepinda kona. Tuliacha.

Badala yake tulimaliza usiku kwa vitu vitamu. Hanover Street ina ushindani wa miaka mingi kati ya Mike's Pastry, iliyoanza mwaka 1946, na Modern Pastry, iliyoanza mwaka 1930, na kila mkazi wa Boston ana upande wake. Ubishi wote unahusu cannoli: ganda la unga lililozungushwa mwanzi na kukaangwa, likajazwa jibini laini ya ricotta iliyotiwa sukari. Ganda hilo kwa desturi hukandwa kwa divai ya Marsala na mafuta ya nguruwe. Siku hizi wapo wanaotumia mafuta mengine, na anayejali dini yake aulize kabla ya kununua. Sisi tuliuliza, jibu halikutuliza, tukaacha. Watalii wenye visanduku vyeupe vilivyofungwa kwa uzi wa Mike's walipita mbele yetu kwa mamia, nami nilijifariji kwa kanuni ya kazi yangu, kwamba ganda lililojazwa mapema hunywa maji ya jibini na kulegea, kwa hiyo cannoli inayofaa ni ile inayojazwa mteja akiwa amesimama. Mwishowe tuliangukia Bova's, duka la mikate lililopo pale Salem Street na Prince Street zinapokutana, ambalo halifungi usiku wala mchana. Saa saba za usiku lilikuwa limejaa vijana, nasi tukanunua mkate wa moto tukaula tukitembea.

Jumapili

Sherehe ya Mtakatifu Antonio ilianzishwa mwaka 1919 na wahamiaji waliotoka Montefalcione, mji mdogo katika mkoa wa Avellino. Mwaka huo huo, tarehe 15 Januari, tangi kubwa la molasi, ile shira nzito ya miwa, lilipasuka katika Commercial Street, ufukweni mwa mtaa huu huu, na wimbi la molasi likaua watu 21 na kujeruhi wengine 150 hivi. Molasi ile haikuwa ya keki. Ilikuwa ikingojea kugeuzwa spiriti ya viwandani. Kuwaza kwamba mtaa uliozika watu wake majira ya baridi ndio ulioanza sherehe yenye chakula kingi namna hii kunanifanya nisiwe mwepesi wa kuidharau, ingawa kuna mengi ya kibiashara ndani yake.

Saa sita mchana wanaume waliibeba sanamu ya mtakatifu mabegani, wakaanza mzunguko ambao hukamilika usiku. Bendi zilitangulia, karatasi za rangi zikamwagwa kutoka madirishani, na mbele ya kila nyumba msafara ulisimama ili wenye nyumba wabandike noti za dola katika tepe zinazoning'inia kwenye sanamu. Imani yao si yangu, lakini mwendo ule wa polepole wa jamii nzima nyuma ya bendi, wazee wakiwa wamevaa nguo zao bora na watoto wakikimbia pembeni, ulinikumbusha zefe la Maulidi Lamu kuliko kitu chochote nilichokiona Marekani.

Vibanda vya chakula vilijaa Endicott Street, Thacher Street na North Margin Street. Kinachotawala ni soseji za nguruwe zilizochomwa na pilipili hoho na vitunguu, na moshi wake haumwachi mtu. Palikuwapo pia ngisi wa kukaanga katika vikombe vya karatasi, mahindi ya kuchoma, kome, na vitumbua vya unga vinavyoitwa zeppole, vinavyotiwa sukari katika mfuko wa karatasi na kutikiswa. Nilikula ngisi kutoka vibanda viwili. Ngisi wa kibanda cha kwanza alikuwa kama mpira, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamepoa na muuzaji alikuwa akitumbukiza vingi kwa pamoja ili kukata foleni. Cha pili kiliendeshwa na mama wa makamo aliyekaanga kidogo kidogo na kuwaacha watu wasubiri, wakinung'unika, na alichowapa kilistahili kungojewa.

Nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kiti alichokitoa ndani kwake. Aliniambia kwamba watoto wake wote wanaishi vitongoji vya mbali, na kwamba hurudi wikiendi hii kama wengine wanavyorudi Krismasi. Mchana ule walikuwa ghorofani, wakila tambi na mchuzi ambao mkewe alianza kuupika jana usiku. Ndipo nilipotambua kwamba chakula cha Kiitaliano cha North End kinachozungumzwa sana bado kipo, lakini kinaliwa ghorofani, na mgeni hawezi kukinunua.

Jumatatu

Leo ni zamu ya Mtakatifu Lucia, kwa msafara mdogo zaidi, na vibanda vingi vilikuwa vimeanza kufunguliwa nati asubuhi. Nilipita Polcari's, duka la kahawa na viungo lililopo Salem Street tangu mwaka 1932, ambako maharage, buni na viungo hupimwa kwa mizani ya zamani. Nilinunua oregano kavu na kunywa barafu ya limau iliyosagwa.

Kisha tulifika Atlantic Avenue kutazama jengo lililokuwa kiwanda cha tambi cha Prince. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1912 katika Prince Street, na tangazo lake la televisheni la mwaka 1969, ambamo mama humwita mwanawe Anthony kutoka dirishani na mtoto akakimbia katika vichochoro hivi hivi hadi nyumbani, liliwazoesha Wamarekani kwamba Jumatano ni siku ya kula tambi. Jengo la kiwanda sasa ni makazi ya watu wenye uwezo.

Mlo wa mwisho ulikuwa Neptune Oyster, Salem Street, nyumba iliyofunguliwa mwaka 2004 ambayo haipokei nafasi za kuwekewa kabla: mtu huandikisha jina mlangoni, akazurura mpaka aitwe. Tulizurura saa moja na nusu. Chaza walikuwa wa maji baridi ya pwani hii, wadogo, wenye chumvi kali, na karatasi ilitaja kila mmoja katoka ghuba gani. Cha ajabu ni kwamba foleni ndefu kuliko zote katika mtaa wa Waitaliano ilikuwa ya kambamti aliyewekwa ndani ya mkate na kumiminiwa siagi ya moto, chakula cha New England, kona ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ambacho Sicilia haikijui. Mpwa wangu alisema bei yake ni ya haki, ukizingatia wingi wa nyama iliyokuwamo. Mimi, niliyezoea kumnunua kambamti kwa mvuvi ufukweni na kumpunja kidogo kwa maneno, sikuafikiana naye hata kidogo, lakini sikubakisha kitu katika sahani.